Akidi ya Kaskazini: Bunge la Tanganyika kutoka Manono hadi Kalemie

Mwanzoni mwa Juni 1960, hatima ya Katanga, jimbo la Kongo iliyokuwa chini ya Ubelgiji, ilitegemea hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi angeimaliza bila karatasi. Bunge la jimbo lilikuwa na viti 60 vya kuchaguliwa. Sheria ilitaka theluthi mbili ya wabunge wawe ukumbini ndipo serikali ya jimbo ichaguliwe, na theluthi mbili ya 60 ni 40. Muungano wa vyama vilivyokuwa nyuma ya Balubakat, chama kikuu cha watu wa kaskazini, ulikuwa na wabunge 23. Walipokataa kuingia, wakabaki 37. Bunge halikuwa na akidi.

Bunge linalokutana leo Kalemie, kando ya Ziwa Tanganyika, lina mizizi katika ukumbi ule wa Elisabethville, ambao sasa ni mji wa Lubumbashi. Jimbo la Tanganyika lilizaliwa rasmi mwaka 2015, na mwaka 2025 likatimiza miaka 10. Lakini anayeanza kuhesabu mwaka 2015 anaacha nje sehemu kubwa ya habari, na anaiacha nje Manono, mji ambao ulitangazwa kuwa makao makuu ya jimbo la kaskazini wakati Kalemie ilikuwa bado inaitwa Albertville. Watu wa kaskazini wamedai nyumba yao ya kutungia sheria tangu kizazi cha uhuru. Wamewahi kuipata, wakanyang'anywa, wakaipata tena. Mara zote swali limekuwa lilelile la Juni 1960: nani anahesabiwa ukumbini, na nani anaweza kubadilisha hesabu akiwa nje.

Wabelgiji hawakuwa na haraka ya kuwafundisha Wakongo kupiga kura. Hadi mwishoni mwa 1957 hapakuwa na uchaguzi wowote wa maana katika koloni zima. Mwaka huo ulifanyika wa manispaa katika miji mitatu tu, Léopoldville (Kinshasa ya leo), Elisabethville na Jadotville. Manono haikuwamo, ingawa ulikuwa mji wa kazi na mishahara. Kampuni ya Géomines, iliyoanzishwa mwaka 1910, ilikuwa imechimba bati hapo kwa miongo minne, ikajenga bwawa la umeme la Piana-Mwanga kwenye mto Luvua na nyumba za wafanyakazi kwa safu. Wachimbaji walijua saa za zamu na bei ya bati. Karatasi ya kura waliiona kwa mara ya kwanza Desemba 1959, katika uchaguzi wa mabaraza ya wilaya.

Miezi mitano baadaye wakaitwa tena. Mkutano wa Meza ya Duara uliofanyika Brussels Januari na Februari 1960 ulikuwa umeamua kwamba uhuru utakuja tarehe 30 Juni, na Mei ndio ulikuwa mwezi wa kura. Waliruhusiwa wanaume peke yao. Kwa wakati mmoja walichagua wabunge wa taifa, viti 137 kwa nchi nzima, na wabunge wa jimbo. Hao wa jimbo walikuwa na kazi ambayo wengi hawakuitilia maanani wakati wa kampeni: ndio waliomchagua rais wa jimbo na mawaziri wake, na ndio waliowachagua maseneta 14 wa kuwakilisha jimbo katika mji mkuu. Aliyeshika bunge la jimbo alishika pia mlango wa Seneti.

Katanga iligawanyika sehemu mbili. Kusini kulikuwa na Conakat ya Moïse Tshombe, iliyotaka Katanga ijiamulie mambo yake pamoja na utajiri wake wa shaba. Kaskazini, kuanzia Kabongo na Bukama hadi Kabalo na Manono, kulikuwa na Balubakat ya Jason Sendwe, msaidizi wa daktari aliyesimama upande wa Kongo moja isiyogawanyika. Vyama hivi viwili vilikuwa vimeketi pamoja kwa miezi michache mwaka 1959, hadi Balubakat ilipojitoa Novemba. Matokeo ya Mei 1960 hayakumpa mtu ushindi wa kutembea nao kifua mbele: Conakat viti 25, muungano wa Balubakat viti 23, na vilivyobaki vikaenda kwa wagombea huru na vyama vidogo. Wengi wa hao waliingia kwa Tshombe.

Kususia kikao kulikuwa silaha halali. Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960, ambayo Wabelgiji wenyewe waliiandika, iliweka sharti la theluthi mbili kwa makusudi, ili serikali ya jimbo isisimame bila ridhaa ya sehemu kubwa ya jimbo. Wabunge wa kaskazini walitaka wagawiwe madaraka yanayolingana na uzito wao. Ingewezekana kuketi nao mezani na kuzungumza. Badala yake, tarehe 15 Juni bunge la Ubelgiji lilibadilisha sheria: wingi wa kawaida sasa ungetosha. Siku iliyofuata Katanga ikapata serikali ya Tshombe, karibu yote ikiwa ya Conakat, na Charles Mutaka wa Dilomba akiwa rais wa bunge lake. Uhuru ulikuwa umebakiza majuma mawili. Tarehe 11 Julai, serikali ile iliyoundwa kwa kanuni iliyorekebishwa ikatangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo.

Hapa ndipo jeraha lilipoanzia, na ni vizuri kulitaja kwa jina lake. Watu wa kaskazini walipiga kura, wakapata wabunge, wabunge wakatumia kanuni iliyokuwapo, na kanuni ikabadilishwa wakiwa nje ya mlango. Baada ya hapo, mtu wa Manono aliyeambiwa kwamba kura ndiyo njia ya kudai haki alikuwa na sababu ya kuuliza ni kura ipi.

Wakati huohuo visiwani Zanzibar, taifa dogo lililokuwa likijiandaa kwa uhuru wake, kulikuwa na mkwamo wa namna ileile. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa na viti 22. Afro-Shirazi Party ilipata 10, Zanzibar Nationalist Party 9, na chama cha tatu, ZPPP, 3. Hao watatu wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, na Baraza la Kutunga Sheria likawa na 11 kwa 11. Kiti cha Chake Chake, Pemba, kilikuwa kimeamuliwa kwa kura moja. Waingereza wakaongeza kiti cha 23 na kuwarudisha wananchi kwenye masanduku Juni mwaka huohuo. Kura zile ziliandamana na ghasia zilizoua watu 68. Mwaka 1963 Afro-Shirazi ikapata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, na Januari 1964 yakaja mapinduzi. Zanzibar na Katanga zilikwama kwa sababu moja, yaani jamii iliyogawanyika karibu nusu kwa nusu ndani ya bunge linalompa mshindi kila kitu. Tofauti ni kwamba Zanzibar, kwa ubaya wote uliofuata, mwananchi aliulizwa mara ya pili. Katanga hakuulizwa.

Kaskazini ilijibu kwa mikuki, pinde na bunduki za kienyeji. Vijana wa Balubakat waliinuka kati ya Agosti na Septemba 1960, na Manono ikatoka mikononi mwa Tshombe. Vita vile havikuwa safi upande wowote. Askari wa Katanga walichoma vijiji, na vijana nao waliua watu ambao kosa lao lilikuwa kudhaniwa ni wa upande wa pili. Novemba, huko Niemba upande wa Kalemie, wanajeshi 9 wa Ireland waliokuja na Umoja wa Mataifa waliuawa walipovamiwa na wapiganaji, tukio ambalo Waireland wanalikumbuka hadi leo.

Kisha ikaja Januari 1961. Askari waliotoka Stanleyville, ngome ya wafuasi wa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, chini ya Antoine Gizenga, walifika Manono, na pamoja nao viongozi wa Balubakat. Hapo Manono wakatangaza jimbo jipya la kaskazini, wakaliita Lualaba, na Prosper Mwamba Ilunga akawa mkuu wake. (Lualaba hiyo si jimbo la Lualaba la leo, lenye makao yake Kolwezi.) Mji wa bati ukawa mji mkuu. Tarehe 17 Januari, Patrice Lumumba aliuawa karibu na Elisabethville. Jimbo lililotangazwa kwa ajili ya msimamo wake lilikuwa na siku chache tu. Tarehe 30 Machi, jeshi la Katanga likiwa na mamluki wa kizungu liliingia Manono, na makao makuu yakaisha.

Wapo wanaoiona serikali ya Manono kama kichekesho cha miezi mitatu. Hawaitendei haki. Ni kweli haikutokana na sanduku la kura mahali pale. Ilitokana na bunduki na lori. Lakini wengi wa waliokuwa wakiisemea walikuwa na kadi za ubunge mfukoni kutoka Mei 1960, na walichokuwa wakisema kilikuwa cha kibunge kabisa: kama hatuwezi kuhesabiwa kule, tutahesabiwa hapa. Dai hilo lilishinda kwa sheria mwaka uliofuata. Serikali kuu ya Léopoldville, ikiwa imechoka kubishana na majimbo sita makubwa, ilikubali kuyavunja, na sheria ya tarehe 11 Julai 1962 ikaunda jimbo la Katanga ya Kaskazini. Ilikuwa miaka miwili kamili tangu siku Tshombe alipotangaza kujitenga. Makao makuu yakawa Albertville.

Bunge la Katanga ya Kaskazini liliishi miaka michache, na kila mwaka ulikuwa mzito. Lilikusanya watu waliotoka vitani moja kwa moja, pamoja na vijana waliokuwa hawajafikisha miaka 25. Mmoja wao alikuwa Laurent-Désiré Kabila, aliyekuwa kiongozi wa vijana wa Balubakat. Aliingizwa katika bunge hilo mwaka 1962 na akawa mkuu wa ofisi ya waziri wa habari wa jimbo. Septemba 1963 yeye na vijana wenzake walilazimishwa kujiuzulu kwa kushukiwa kuwa wakomunisti. Mwezi huohuo Jason Sendwe, aliyekuwa naibu waziri mkuu katika serikali ya Cyrille Adoula, alirudi nyumbani kuwa rais wa jimbo akichukua nafasi ya Mwamba Ilunga.

Sendwe ndiye jina kubwa zaidi katika historia hii. Alikuwa amepewa na Lumumba dhamana ya kuiwakilisha serikali kuu Katanga, kazi ambayo Tshombe hakumruhusu kuifanya. Ungetegemea kwamba bunge la watu wake mwenyewe lingempokea kwa vigelegele na kumwacha atawale. Haikuwa hivyo. Machi 1964 wabunge walipitisha hoja ya kutokuwa na imani naye, na akaondoka madarakani. Aprili wakamrudisha. Kwa miezi ile, katika mji ulioanza kuzungukwa na waasi, bunge dogo la Albertville lilikuwa likifanya jambo ambalo miaka 30 iliyofuata isingeliruhusu popote nchini: kumwondoa mkuu kwa kura, na kumrudisha kwa kura.

Halikudumu. Mwishoni mwa Mei 1964 uasi uliochochewa na watu wa Gaston Soumialot, kiongozi wa waasi, ulilipuka Albertville, na Kabila, mbunge wa jana, alikuwa upande wa waasi. Jeshi lilimwokoa Sendwe mara ya kwanza. Mara ya pili mji ulianguka, na tarehe 19 Juni akauawa. Jeshi la serikali liliirudisha Albertville mwishoni mwa Agosti, lakini jimbo lilikuwa limekwisha kupoteza mtu aliyeweza kuzungumza na pande zote.

Yaliyofuata yanaelezeka kwa maneno machache kwa sababu hapakuwa na bunge la kueleza. Mkuu wa jeshi, Mobutu, alichukua nchi Novemba 1965. Mwaka 1966 aliyafumua majimbo madogo, Katanga ya Kaskazini ikamezwa na Katanga moja, na Albertville ikabadilishwa jina kuwa Kalemie. Tanganyika ikawa sehemu ya Shaba, jina jipya la Katanga, ikitawaliwa na makamishna waliotumwa kutoka Kinshasa. Mwaka 1970 wananchi waliitwa kupiga kura ya rais, na chaguo lilikuwa kati ya karatasi ya kijani ya kumkubali Mobutu na nyekundu ya kumkataa, mbele ya macho ya maafisa wa chama. Bati ikaporomoka, na Géomines ikafifia. Kisha zikaja vita vya 1996 na 1998. Mwaka 1999 Manono ikachukuliwa na waasi wa RCD waliosaidiwa na Rwanda, na mji ukakaa miaka kadhaa kwenye mstari wa mapambano.

Ndiyo maana mwaka 2006 una uzito wa pekee. Mei mwaka huo, Kyungu Mutanga, maarufu kama Gédéon, kamanda wa Mai-Mai aliyeitia hofu pembetatu ya Manono, Mitwaba na Pweto, alijisalimisha Mitwaba kwa walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa. Miezi miwili na nusu baadaye, tarehe 30 Julai, watu wa vijiji vilevile walipanga foleni mbele ya masanduku ya tume ya uchaguzi iliyoongozwa na Padre Apollinaire Malumalu. Tarehe 29 Oktoba wakarudi kwa duru ya pili ya urais na kuwachagua wabunge wa jimbo. Safari hii wanawake walikuwa kwenye foleni. Kwa mara ya kwanza tangu miaka ya 60, mtu wa Manono alikuwa na mbunge wa jimbo aliyeshindanishwa na wengine.

Mbunge huyo alikwenda Lubumbashi. Katiba iliyotangazwa Februari 2006 ilisema majimbo yatakuwa 25 pamoja na jiji la Kinshasa, na Tanganyika ilikuwa mojawapo kwa maandishi, lakini hadi mgawanyo utakapofanyika Katanga iliendelea kuwa moja. Bunge lake liliongozwa na Gabriel Kyungu wa Kumwanza, mzaliwa wa Ankoro, pale Luvua inapoingia Lualaba, katika wilaya ya Manono. Maisha ya Kyungu yanabeba sura zote za siasa za kaskazini. Alikuwa mmoja wa wabunge 13 waliothubutu kumwandikia Mobutu barua ya wazi mwaka 1980, wakalipa kwa vifungo na mateso. Alikuwa pia gavana wa Katanga mwanzoni mwa miaka ya 90, wakati maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, na hotuba zake ziliuchochea moto ule. Historia ya heshima haichagui sura moja ikaficha nyingine. Akiwa rais wa bunge, alipinga kugawanywa kwa Katanga hadi mwisho, ingawa mgawanyo ndio ungeipa nchi ya kwao bunge lake. Alifariki Agosti 2021.

Wabunge waliochaguliwa Oktoba 2006 kwa miaka mitano walikaa karibu miaka kumi na miwili. Mwaka 2011 nchi ilimchagua rais na wabunge wa taifa, lakini uchaguzi wa majimbo haukufanyika. Kijana wa Nyunzu aliyekuwa na miaka saba siku ya kura ya 2006 alikuwa mtu mzima mwenye haki ya kupiga kura kabla ya kumwona mbunge mpya wa jimbo.

Katikati ya muda huo uliovutwa, mgawanyo ukaja. Sheria ya Februari 2015 ilipanga namna ya kuyasimika majimbo mapya, na kufikia katikati ya mwaka Katanga ilikuwa imegawanywa majimbo manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Hii ya mwisho ilipewa wilaya sita, yaani Kabalo, Kalemie, Kongolo, Manono, Moba na Nyunzu. Wabunge wa lililokuwa bunge la Katanga waliochaguliwa katika wilaya hizo walifungasha mizigo Lubumbashi wakaenda Kalemie, wakawa bunge la Tanganyika. Oktoba 2015 Rais Joseph Kabila aliteua makamishna maalumu wa kuongoza kwa muda. Tanganyika ikampata Richard Ngoy Kitangala, na Machi 2016 wabunge wakamchagua huyohuyo kuwa gavana wa kwanza.

Hapo bunge lilipaswa kupewa muda wa kutambaa. Halikupewa. Mwaka 2016 ugomvi wa Wabantu, hasa Waluba, na Batwa, jamii ya Mbilikimo, uliokuwa ukifukuta tangu 2013 ulilipuka upya, safari hii kwa kisa cha kodi juu ya viwavi ambavyo Batwa huokota msituni kwa chakula na biashara. Mwanzoni mwa 2017 moto ulikuwa umeingia wilaya ya Manono. Vijiji viliteketezwa, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia kambi za Kalemie, Nyunzu na Manono mjini. Februari 2017 kongamano la jamii zote liliitishwa Kalemie, na likaamua kuunda mabaraza ya amani ya vijijini, ambamo Mluba na Mtwa wangeketi pamoja kuamua kesi za mashamba, ndoa na fidia.

Mabaraza yale hayamo katika katiba, na wajumbe wake hawakupigiwa kura. Hata hivyo yalifanya jambo ambalo bunge la jimbo halijalifanya ipasavyo hadi leo: kumpa Mtwa kiti. Katiba inaruhusu bunge la jimbo kuongeza wajumbe wa kuteuliwa, wasiozidi sehemu moja ya kumi, na nafasi hizo ni za machifu wa mila. Batwa kwa kawaida hawana uchifu unaotambuliwa na serikali. Wanaishi chini ya machifu wa wengine. Kwa hiyo mlango uliofunguliwa kwa ajili ya wasiofika kwa kura unabaki umefungwa kwao. Sheria ya Julai 2022 ya kulinda haki za watu wa asili, Mbilikimo, imetoa msingi wa kulirekebisha hilo, na jimbo ambalo limezika watu wengi kwa sababu ya kutengana huku lingefaa kuwa la kwanza kulifanyia kazi.

Uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, wa mashine zilizobishaniwa nchi nzima, ndio ulioipa Tanganyika bunge lake la kwanza lililochaguliwa kwa jina la Tanganyika. Aprili 2019 wabunge hao walimchagua gavana Zoé Kabila, mdogo wake Joseph na mtoto wa Laurent-Désiré, aliyekuwa mbunge wa taifa wa Manono. Mtoto wa kijana aliyelazimishwa kutoka katika bunge la Albertville mwaka 1963 alikuwa sasa anaongoza jimbo kutoka mji uleule.

Mei 2021 bunge likamwangusha kwa hoja ya kutokuwa na imani. Wengine waliona hapo uwajibikaji, wengine wakaona upepo wa Kinshasa, kwa kuwa Rais Félix Tshisekedi alikuwa amevunja ushirika wake na kambi ya Joseph Kabila miezi michache kabla, na magavana wa kambi hiyo walikuwa wakianguka katika majimbo mbalimbali. Huenda pande zote mbili zina sehemu ya ukweli. Linalobaki ni kwamba jambo lilipita ukumbini, kwa kuhesabu kura, na gavana akaondoka bila risasi kulia. Ukilinganisha na Juni 1960 au Juni 1964, hilo si jambo dogo. Mei 2022 wabunge walimchagua Julie Ngungwa Mwayuma, mwanamke wa kwanza kuwa gavana wa Tanganyika, miaka 62 baada ya uchaguzi ambao wanawake hawakuruhusiwa hata kupiga kura. Baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 2023, bunge jipya lilimpa nafasi hiyo Christian Kitungwa Muteba mwaka 2024.

Kasoro ya mfumo huu inafahamika. Wapiga kura wa gavana na wa maseneta wanne wa jimbo ni wachache kiasi kwamba wote wanaweza kukaa katika mgahawa mmoja, na mgombea mwenye fedha anawajua wote kwa majina. Machi 2019 malalamiko ya rushwa katika kuwachagua maseneta yalizagaa nchi nzima hata Rais akasimamisha kwa muda kusimikwa kwao. Na hata mbunge asiyepokea kitu ana mikono iliyofungwa. Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni ibaki jimboni. Kwa vitendo fedha zinakwenda Kinshasa na kurudi kidogo, zikiwa zimechelewa. Bunge linapitisha bajeti ya jimbo likijua kwamba bomba limeshikwa na mtu mwingine.

Manono imelifanya suala hilo kuwa la haraka. Chini ya ardhi ileile ya bati, katika mwamba wa Roche Dure, kumethibitishwa lithiamu nyingi kiasi cha kuufanya mji huu usomwe katika magazeti ya uchumi ya dunia. Leseni zake zimegombewa kwa miaka kati ya AVZ ya Australia, kampuni ya taifa ya Cominière na Zijin ya China, mbele ya mahakama na waamuzi wa kimataifa, mbali kabisa na ukumbi wa Kalemie. Lakini sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imegawa mrabaha kwa namna inayogusa bunge hilo moja kwa moja: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa tawala za mahali mgodi ulipo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Robo ile ya jimbo, wabunge wanaweza kuidai, kuifuatilia na kumwita gavana aieleze.

Zile asilimia 15 ndizo zenye mashaka zaidi. Zinapaswa kwenda kwa uchifu na sekta za wilaya ya Manono, na matumizi yake kusimamiwa na mabaraza ya kuchaguliwa ya uchifu na sekta hizo. Sheria ya mabaraza hayo ipo tangu 2008. Uchaguzi wake, chini ya katiba ya sasa, haujafanyika Manono hata mara moja.